Pedali ya klachi iliyolika kwenye gari la zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Gia ikianza kukwaruza, wengi wetu huambiwa neno moja tu: klachi imekwisha, shusha giaboksi. Mara nyingi ni kweli. Lakini kwenye gari lililokanyagwa miaka ishirini au thelathini, kosa linaweza kuwa limekaa juu, karibu na magoti yako, kwenye pini isiyozidi urefu wa kidole gumba. Maswali haya ni kwa ajili ya mtu anayetaka kuinama na tochi kwanza kabla hajakubali giaboksi ishushwe.

Pedali ni chuma tupu. Inawezaje kulika?

Chuma chenyewe hakiliki. Kinacholika ni maungio yake. Kwenye magari mengi pedali imening'inia kwenye shafti iliyo nyuma ya dashibodi, na kati ya pedali na shafti kuna bushi mbili (pete za kuzuia chuma kusaga chuma), za plastiki, nailoni, shaba au mpira. Chini kidogo ya shafti, pedali ina tundu. Kwenye tundu hilo inapita pini inayoishika pedali na uma wa rodi, yaani ile fimbo inayoingia kwenye masta ya klachi (silinda inayosukuma mafuta ya klachi). Kila unapokanyaga, bushi zinazunguka kidogo na pini inasagwa kidogo.

Chukulia unakanyaga klachi mara 300 kwa siku, jambo la kawaida kwa gari linalokaa kwenye foleni. Kwa mwaka hizo ni zaidi ya mara laki moja. Grisi iliyopakwa kiwandani ilishakauka zamani, na vumbi la viatu limeingia mahali pake. Vumbi likichanganyika na mabaki ya grisi linakata chuma kama msasa.

Nitajuaje kama tatizo ni pedali na si klachi yenyewe?

Hili ndilo swali lenye uzito, kwa hiyo nenda nalo taratibu. Weka gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu kwa vigingi, gia iwe huru.

Anza kabla hujawasha injini. Shika pedali kwa mkono, iyumbishe kushoto na kulia. Kuyumba kidogo sana ni kawaida. Ikiyumba kiasi cha sentimita moja na zaidi, au ukisikia inagonga "tak, tak" huko juu, bushi zimekwisha. Halafu ibonyeze chini kwa kidole kimoja, polepole, ukisikiliza kwa ncha ya kidole. Mwanzoni utakuta inakwenda bila uzito wowote. Kisha utahisi inagusa kitu na uzito kuanza. Eneo lile la bure ndilo mafundi wanaloliita plei. Kiasi fulani lazima kiwepo. Kikiwa kikubwa, kuna kitu kimelika.

Sasa washa injini, iache kwenye mzunguko wake wa chini. Kanyaga klachi hadi mwisho, hesabu moja hadi tano, weka rivasi. Magari mengi ya zamani hayana sinkro (pete za kulainisha kuingia kwa gia) kwenye rivasi, kwa hiyo gia hiyo inasema ukweli: ikikwaruza, klachi haikati sawasawa, yaani haiitenganishi injini na giaboksi.

Ikikwaruza, pampu pedali haraka mara tatu au nne, kisha jaribu tena. Ikiingia vizuri baada ya kupampu, tatizo lina mkono wa mafuta: kuna upepo kwenye mfumo, au sili za masta (mipira ya kuzuia mafuta yasipite) zimechoka. Ikiendelea kukwaruza vilevile, tafuta kitu kilicholika au kupinda, na cha karibu zaidi kukikagua ni pedali.

Jaribio jingine dogo: gia ya kwanza ikiwa imeingia, klachi imekanyagwa na gari limesimama, usisogeze mguu. Gari likianza kujivuta polepole lenyewe ingawa mguu haujasogea, mafuta yanarudi nyuma ndani ya masta. Hilo si kosa la pedali.

Dalili moja haihusiani kabisa na pedali kulika: injini inanguruma na kupanda mzunguko lakini gari haliongezi mwendo, hasa mlimani. Hapo klachi inateleza. Pedali iliyolika inafanya klachi ishindwe kukata, haiifanyi iteleze.

Mchezo wa milimita moja au mbili tu unaleta shida yote hiyo?

Ndiyo, kwa sababu pedali ni wenzo. Tuseme kutoka kwenye shafti hadi unapokanyaga ni milimita 300, na kutoka kwenye shafti hadi kwenye pini ni milimita 50. Uwiano ni sita kwa moja. Mguu ukishuka milimita 150, rodi inasogea 25 tu. Ndiyo maana klachi ni laini kuikanyaga, na ndiyo maana kila milimita iliyolika kwenye pini inakuwa milimita sita zilizopotea mguuni.

Hesabu sasa kwenye gari la kweli. Pini imeliwa nusu milimita. Tundu la pedali limepanuka milimita moja. Matundu ya uma, nusu nyingine. Bushi zimeongeza moja. Jumla ni tatu, na ukitazama kila kimoja peke yake usingekilaumu. Lakini mguu umepoteza milimita 18, na masta inapata 22 badala ya 25. Kinachokatwa ni mwisho wa safari, na huo mwisho ndio unaoiachanisha klachi pleti (sahani ya klachi) na flaiwili (gurudumu zito la injini). Nafasi inayotakiwa pale ni ndogo mno. Ikipungua kidogo tu, pleti inaendelea kugusa na gia inakwaruza.

Mimi nililijifunza hili kwa njia ndefu. Gari langu lilikuwa linakwaruza rivasi, nikalala chini yake siku mbili, nikashusha giaboksi, nikaweka klachi pleti, presha pleti (bamba linaloibana klachi pleti) na rilizi beringi (beringi inayoiachilia ukikanyaga) mpya. Nilipowasha, rivasi ikakwaruza kama jana yake. Wiki iliyofuata nilichomoa pini ya pedali. Ilikuwa imeliwa kiunoni, nene pande zote mbili na nyembamba katikati, na nilipopitisha ukucha ulizama kwenye mfereji ule kabla ya kupanda tena upande wa pili. Nikaweka pini mpya, gia ikaingia kimya. Tangu siku hiyo sikubali kushusha giaboksi ya gari la mtu kabla sijaishika pini yake mkononi.

Naangalia wapi hasa?

Sogeza kiti nyuma hadi mwisho, lala chali sakafuni kichwa kikiwa chini ya usukani, na uwe na mtu wa kukanyaga pedali kwa mkono wakati wewe unamulika. Mwambie akanyage kidogo na kuachia, tena na tena, bila kufika mwisho.

Tazama kwanza pini na uma. Pedali ikianza kwenda kabla rodi haijasogea, umekipata. Hapa ndipo MGB na Mini za zamani zinapojulikana sana: pini inaliwa na matundu yanakuwa ya mviringo wa yai. Kisha panda juu kwenye shafti. Je, pedali inazunguka tu, au inainuka na kushuka pia? Ikiinuka, bushi ni mbovu. BMW za miaka ya 1980 na 1990 zenye bushi za plastiki hufika hapo, na Porsche 911 za zamani vilevile.

Halafu tazama breketi yote inayobeba pedali. Haipaswi kusogea. Toka nje, fungua boneti, na mwombe mwenzako akanyage kwa nguvu huku ukitazama masta. Ikisogea mbele pamoja na bati la ukuta wa injini, au ukiona mstari wa kutu ukitokea penye mshono au kwenye bolti, kuna ufa. Jibu lake liko chini zaidi.

Kwenye Volkswagen Beetle mambo yako sakafuni. Pedali inaota kutoka chini, na inavuta kebo kwa ndoano. Ndoano hiyo hulika, na kitanzi cha kebo hulika pamoja nayo.

Mwisho, pitisha kidole nyuma ya masta, pale rodi inapoingia. Kidole kikirudi na unyevu wa mafuta, masta inavuja kuja ndani ya gari. Inua zulia uone kama limelowa. Bushi zilizolika zina mkono hapo pia: pedali ikiyumba, rodi inaisukuma pistoni kiupande, na sili inaliwa upande mmoja.

Pedali inalia kila nikiikanyaga. Nipulizie mafuta tu?

Kupulizia mafuta mepesi kutanyamazisha kelele kwa siku chache, na kutaosha grisi kidogo iliyokuwa imebaki. Mlio wa kukwaruza mkavu huwa ni bushi au kichwa cha springi ya kusaidia (ile inayoupunguzia mguu uzito). Tafuta unatoka wapi kwa kugusa: weka kidole kwenye kila ungio wakati pedali inakwenda, na ungio linalolia utalihisi likitetemeka. Hilo ndilo la kufungua na kupaka grisi ipasavyo.

Kama mlio unatokea klachi ikikanyagwa na injini ikiwa inazunguka tu, na unanyamaza ukiiachia, huyo ni rilizi beringi. Pedali haihusiki.

Inabaki chini, sharti niivute kwa kidole cha mguu.

Kuna mambo manne ya kuangalia. La kwanza, springi ya kurudisha imekatika au imechomoka, utaiona ikining'inia. La pili, bushi imekauka hadi inashika shafti: chomoa rodi, na pedali ikigoma kurudi hata bila mzigo, jibu umelipata. La tatu, mafuta yamepungua au kuna upepo mwingi. La nne linasahaulika sana: hosi ya mpira inayokwenda kwenye masta ya chini (silinda ya pili, karibu na giaboksi). Mpira wa zamani huvimba kwa ndani, mafuta yanapita kwenda kwa sababu mguu unayasukuma, lakini yanarudi kwa shida. Kwa nje hosi inaonekana nzima kabisa.

Pedali imekuwa nzito kuliko zamani. Ni bushi?

Inawezekana, lakini mara nyingi sababu iko kwingine. Klachi pleti inavyozidi kwisha, vidole vya springi ya presha pleti vinabadili mkao na pedali inazidi kuwa nzito. Kebo kavu inafanya vivyo hivyo. Springi ya kusaidia iliyokatika pia. Chomoa rodi au kebo kwenye pedali uikanyage ikiwa tupu: ikiwa nyepesi na laini, uzito unatoka mbele.

Gari langu ni la kebo, halina masta. Haya yote yananihusu?

Bushi na shafti, ndiyo, kila neno. Tofauti iko kwenye plei. Kwenye mfumo wa mafuta klachi pleti ikilika, kwa kawaida mfumo unajirekebisha wenyewe. Kwenye kebo, pleti ikilika plei inapungua na klachi inaanza kushikia juu. Kwa hiyo ukiona plei inaongezeka kwenye gari la kebo, ama kebo inanyooka na kukatika nyuzi moja moja, ama kitu kimelika kwenye pedali au kwenye foku (mkono unaosukuma rilizi beringi).

Angalia mwisho wa kebo pale inapoishika pedali. Nyuzi mbili tatu zikiwa zimechomoza kama sharubu, usisubiri, kebo hiyo itakatika njiani. Baadhi ya magari, Ford Mustang za miaka ya 1980 zikiwemo, yana kipande cha plastiki chenye meno juu ya pedali kinachojirekebisha chenyewe. Meno yakiliwa kinateleza, na siku moja klachi inakata, siku nyingine haikati.

Si rahisi zaidi kuirefusha rodi tu ili kuondoa mchezo?

Ni rahisi, na ndiyo inayofanywa mara nyingi. Naomba usiifanye kama tiba.

Ndani ya masta kuna tundu dogo sana linalounganisha silinda na kopo la mafuta. Pedali ikiwa imeachiwa, pistoni inatakiwa irudi nyuma hadi tundu hilo liwe wazi. Ukiirefusha rodi mpaka plei iishe kabisa, pistoni hairudi mwisho, tundu linabaki limezibwa, na mafuta yakipata joto yanatanuka bila pa kwenda. Yanaisukuma klachi kana kwamba umeweka mguu. Inaanza kuteleza, rilizi beringi inazunguka muda wote, na sasa kweli utashusha giaboksi.

Kurekebisha rodi ni hatua ya mwisho, baada ya pini, bushi na matundu kuwa mazima.

Natakiwa kuwa na zana gani?

Spana na soketi, plaizi yenye mdomo mwembamba, bisibisi, rula, tochi ya kuvaa kichwani na miwani ya kukinga macho. Miwani si pambo: utakuwa unatazama juu huku vumbi na kutu vikidondoka. Jiriwa inasaidia sana kuingizia bushi. Kama una kipimo cha kupimia unene hadi sehemu ya kumi ya milimita, kitakuondolea kubahatisha.

Nifunguaje pedali bila kujichanganya?

Chomoa waya hasi wa betri. Toa kifuniko cha chini cha dashibodi. Piga picha kadhaa kwa simu kabla hujagusa kitu, moja kutoka kila upande, kwa sababu washa (pete bapa) na springi zina mpangilio wake na kumbukumbu hudanganya.

Pima mambo mawili na uyaandike: urefu wa pedali kutoka sakafuni, na nyuzi ngapi za rodi zinaonekana nje ya nati ya kufungia. Utazihitaji wakati wa kurudisha.

Springi ndiyo hatari kubwa ya kazi hii. Ile ndogo ya kurudisha unaweza kuiondoa kwa plaizi, lakini springi nene ya kusaidia ina nguvu ya kuvunja kidole. Ijue kwanza imeshikwa wapi, tafuta mkao wa pedali ambao springi imelegea zaidi, na usiweke uso kwenye njia yake.

Nyoosha kipini cha waya kinachoizuia pini, kivute, kisha toa pini. Ikigoma, usiigonge kwa nguvu kuelekea masta. Izungushe kwa plaizi huku ukiivuta. Pini ya zamani mara nyingi ina mfereji, na mdomo wa mfereji ndio unaoizuia kutoka.

Sasa nati ya shafti. Kabla ya kuivuta shafti, tazama kama pedali ya breki inaning'inia kwenye shafti hiyohiyo. Magari mengi yako hivyo. Ukivuta yote, breki nayo itadondoka, pamoja na washa zake. Vuta kiasi cha kuiachia klachi tu, au weka rodi nyingine ya kipenyo kilekile nyuma yake iibebe breki wakati shafti inatoka. Kuna magari ambayo shafti haitoki kwa sababu inagonga boksi la hita au nguzo ya usukani. Hapo breketi yote inashushwa.

Pedali ikiwa mezani, safisha kila kitu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, futa hadi pakauke, kisha soma chuma. Pitisha ukucha juu ya shafti. Ukizama popote, shafti nayo imelika, na bushi mpya juu ya shafti yenye mfereji zitakwisha mapema. Kagua mkono wa pedali penye kona na penye mshono wa kuchomelea kama kuna ufa au kupinda.

Bushi mpya ziingize kwa jiriwa, taratibu na sawasawa, bila nyundo. Za shaba zikibana shafti, zipanuliwe kwa kifaa chake. Tupa ya mviringo haiwezi kuacha tundu la duara. Paka grisi, rudisha kwa mpangilio wa picha zako, kaza nati, na weka kipini kipya cha waya. Cha zamani kikishanyooshwa kinaweza kuwa na ufa usiouona.

Kabla ya kurudisha kifuniko, kanyaga pedali zote mbili mara kadhaa. Hakikisha breki inarudi huru na taa za breki zinazimika.

Tundu la pedali limekuwa kama yai. Ninunue pedali nyingine?

Ukiipata nzima, sawa. Lakini pedali ya gari la umri uleule huenda ina yai lake. Napendelea tundu lipanuliwe hadi liwe duara tena kisha liwekwe bushi. Mfano: pini ni ya milimita 8, tundu limeliwa hadi 9. Toboa hadi 11, weka bushi ya chuma yenye kipenyo cha nje cha 11 na tundu la ndani la 8. Fundi wa kukereza anaikata kwa muda mfupi, na siku ikilika unabadilisha bushi, pedali inabaki.

Njia ya pili ni kujaza kwa kuchomelea na kutoboa upya. Inafaa, mradi katikati ya tundu ibaki pale ilipokuwa. Likihama milimita mbili tatu, umebadilisha uwiano wa pedali bila kukusudia. Kuchomelea kufanyike pedali ikiwa nje ya gari, kamwe si chini ya dashibodi penye nyaya na plastiki.

Naweza kuweka bolti badala ya pini?

Hapana. Nyuzi za bolti zinakula tundu kama tupa. Msumari uliokunjwa badala ya kipini cha waya ni hatari zaidi. Siku ukichomoka, pedali inashuka sakafuni na klachi haikati.

Bushi za plastiki au za shaba?

Za plastiki ni kimya, hazihitaji kutunzwa sana, na kwa gari la matumizi ya kawaida zinatosha. Za shaba zinadumu zaidi na hazilegei, lakini zinataka grisi, na zikikaa kavu zinaanza kula shafti. Kuna shaba yenye vinyweleo inayohifadhi mafuta ndani yake. Iloweke kwenye mafuta ya injini usiku mzima kabla ya kuifunga. Kwa mtu asiyefungua kifuniko hadi kitu kilie, plastiki ni chaguo bora.

Na grisi, gani?

Kwa chuma na shaba, grisi nzuri ya lithiamu inatosha. Kwa plastiki na mpira tumia ya silikoni, kwa sababu grisi ya petroli huvimbisha mpira. Usipake kwa wingi. Inayomwagika nje inakusanya vumbi. Na grisi isikaribie kabisa sili za masta.

Lazima nitoe upepo baada ya kazi hii?

Kama hukufungua bomba wala masta, hapana. Kama umefungua, ndiyo, kwenye nipo (kijibomba cha kutolea upepo) ya masta ya chini, kwa mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo, kwa kawaida DOT 3 au DOT 4. Mafuta ya injini yakiingia humo hata mara moja, mipira yote inavimba na kuharibika. Ukidondosha mafuta ya breki kwenye rangi ya gari, mwagia maji mengi papo hapo, maana yanabambua rangi.

Plei sahihi ni kiasi gani?

Kitabu cha gari lako ndicho kinachoamua. Kama huna, kwenye magari mengi ya mafuta plei ya pedali huwa kati ya milimita 5 na 15, na ndani yake, plei ya rodi kabla ya kugusa pistoni ni ndogo zaidi, kiasi cha 1 hadi 5, zote zikipimwa pale unapokanyaga. Beetle inataka milimita 10 hadi 20. Usiogope plei ndogo iliyobaki baada ya ukarabati. Ogopa ikiwa haipo kabisa.

Breketi au ukuta wa injini una ufa.

Hiyo si kazi ya kuahirisha. Kila ukikanyaga, sehemu ya nguvu yako inakunja bati badala ya kusukuma masta, na ufa unaongezeka. Kuchomelea juu ya ufa peke yake hakudumu. Toboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa ili usiendelee, kisha uwekwe bamba la kutia nguvu linalosambaza mzigo kwenye eneo pana. Masta, nyaya na zulia vitolewe kwanza. Na kama breki imefungwa kwenye breketi hiyohiyo, gari lisitembee mpaka kazi iishe.

Naweza kuendelea kuendesha hivi hivi kwa sasa?

Ikiwa inalia au inayumba tu, unaweza, huku ukipanga siku ya kazi. Ikiwa gia zinakwaruza, kila mkwaruzo unang'oa chembe za chuma kwenye meno na sinkro, na hiyo ndiyo gharama usiyoiona. Ikiwa pini inachungulia nje au kipini chake hakipo, paki.

Mpira wa juu ya pedali umekwisha. Una umuhimu?

Una umuhimu. Kiatu chenye maji kikiteleza juu ya chuma kilichong'aa, klachi inaachia ghafla na gari linaruka mbele. Mpira mpya unaingia kwa mkono, ukiulainisha kwa maji ya sabuni.

Nimefanya yote na gia bado inakwaruza. Sasa nini?

Sasa shuka chini kwa utaratibu. Mwombe mwenzako akanyage hadi mwisho, nawe upime kwa rula rodi ya masta ya chini inasogea kiasi gani, ulinganishe na kitabu. Ikisogea pungufu wakati pedali ni nzima, funua mpira wa vumbi wa masta ya chini: ukikuta umejaa mafuta, sili imekwisha. Kama hapavuji, toa upepo, kisha ishuku masta ya juu. Ikisogea kiasi kamili na klachi bado haikati, tazama foku kwenye dirisha lake. Huenda imepinda, imepasuka, au tundu lake limechimbwa na ncha ya rodi.

Vyote hivyo vikiwa vizima, kilichobaki ni klachi pleti iliyopinda au kunata kwenye shafti ya giaboksi, au presha pleti. Hapo shusha giaboksi.